VPN, Ruta na Televisheni Zetu: Ufunguo Uko kwa Nani?

Siku hizi katika nyumba nyingi za wafanyakazi mjini Mbarara, kuanzia Kakoba hadi Ruti, na katika vibanda vya video vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pana vitu viwili ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri peke yao: ruta ya intaneti, na kisanduku cha kuleta filamu na mpira kwenye televisheni. Pamoja na vitu hivyo limeingia neno la tatu, nalo ni VPN. Mafundi wanaiuza na vijana wanaisifu. Wanachama wa viwanda vya maziwa, wachuma chai wa Bushenyi, na vibarua wanaoishi Nakivale wanatuuliza: Tuiweke au tusiiweke? Inalinda au inadhuru? Tumeonelea yafaa kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, maana mtu asiyekijua chombo chake hutumiwa na chombo hicho.

VPN NI KITU GANI?

Chukueni mfano wa lori la maziwa linalotoka Isingiro kwenda Mbarara. Likiwa na matangi wazi, kila askari wa kizuizini ataona limebeba nini na linampelekea nani. Sasa mwenye maziwa anayafunga matangi kwa lakiri, na juu yake anaandika jina la ghala moja tu. Askari ataliona lori likipita, atajua mzigo ni mkubwa au mdogo na unakwenda ghala gani, lakini yaliyomo hatayaona. Likifika ghalani, mwenye ghala huvunja lakiri, hutazama mzigo umeandikiwa nani, kisha huupeleka mbele kwa jina la ghala lake. Anayeupokea huona umetoka ghalani, wala hajui kwamba ulianzia Isingiro.

VPN hufanya kazi vivyo hivyo. Barabara ni kampuni ya simu inayotuuzia bando. Lakiri ni maandishi ya fumbo yanayofanywa na programu iliyomo ndani ya simu, kisanduku au ruta. Ghala ni seva ya kampuni ya VPN, ambayo yaweza kuwa Nairobi, Uholanzi au Marekani. Kampuni ya simu huona kwamba unawasiliana na seva hiyo, na huona kiasi cha data unachotumia, lakini haioni unatembelea tovuti gani. Tovuti nayo huona anwani ya seva, haioni anwani ya nyumba yako.

Jambo moja twaomba msomaji alishike barabara. Ukiwasha VPN, mtazamaji haondoki njiani, bali anabadilika. Umemficha askari wa kizuizini, lakini umempa ufunguo mwenye ghala. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama VPN ina kasi, hapana budi tuulize: mwenye ghala ni nani, na nani anamlipa?

Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya sinema. Katika miaka ya 1990 makampuni makubwa yalitaka wafanyakazi walio mbali waweze kufikia kompyuta za ofisi bila wezi kusikiliza njiani. Kazi hiyo VPN inaifanya hadi leo, na inaifanya vizuri. Mwenye kuisimamia ni kampuni, na anayeitumia ni mtu wa kampuni hiyo hiyo. Mambo hubadilika pale ghala linapokuwa la mtu tusiyemjua.

NENO HILI LILIVYOINGIA UGANDA

Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, Facebook, Twitter na WhatsApp zilifungwa nchini kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC). Watu wengi walipakua VPN kwa mara ya kwanza siku ile. Mitandao ikafungwa tena Mei mwaka huo, wakati Rais alipoapishwa.

Kisha ikaja kodi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kila aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Rais Museveni alikuwa amelalamika mapema mwaka huo kwamba mitandao inatumika kwa lugambo, yaani umbeya. Tupige hesabu: shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa mwezi wa siku 30, na ni 73,000 kwa mwaka. Kwa mchuma chai anayelipwa kwa kilo, hizo si fedha za kudharau. Watu wakakimbilia VPN, kwa kuwa kampuni ya simu isipoona kwamba unatumia WhatsApp, haiwezi kukudai kodi ya WhatsApp. Katika mwaka wa kwanza Mamlaka ya Mapato (URA) ilikusanya takriban shilingi bilioni 49.5, ilhali ilikuwa imetazamia bilioni 284.

Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Tofauti yake ni kubwa. Kodi ya kwanza VPN iliweza kuikwepa. Ya pili haiwezi, kwa sababu umekwisha kuilipa wakati wa kununua bando, kabla hujafungua programu yoyote. Fundi anayekuuzia VPN kwa maneno kwamba itakupunguzia kodi ya bando anakuuzia hewa.

Somo la tatu lilikuja Januari 2021. Kwanza Facebook na mitandao mingine ilifungwa, na watu wakawasha VPN. Kisha usiku wa tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa, isirudi hadi tarehe 18. Katika siku zile VPN zote zilinyamaza, za bure na za kulipia pia. Sababu yake ni nyepesi: barabara ikikatwa, lakiri haina faida. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na hapo VPN ikawa na kazi tena.

SIMU, KISANDUKU NA RUTA

Tuje sasa nyumbani. VPN yaweza kuwekwa mahali patatu, na kila mahali pana faida na kasoro zake.

Kwanza, ndani ya simu. Hapo inalinda simu hiyo peke yake. Wengi huwasha VPN katika simu, kisha huigawia televisheni intaneti kutoka simu hiyo, wakidhani televisheni nayo imeingia ndani ya lakiri. Aghalabu haimo. Simu nyingi, za Android na za iPhone, hupeleka data ya vifaa vilivyounganishwa nazo nje ya VPN. Lori la simu limefungwa, la televisheni linapita wazi pembeni yake.

Pili, ndani ya kisanduku. Visanduku vya Android TV na vya Fire TV vina duka la programu, na VPN huwekwa humo kama programu nyingine yoyote. Televisheni za Samsung na LG hutumia mifumo yao wenyewe, na kwa kawaida hazikubali programu ya VPN. Kwa hizo hubaki njia ya tatu.

Tatu, ndani ya ruta. Ukiiweka humo, kila kinachounganishwa na ruta hupita katika VPN: televisheni, simu za watoto, hata simu ya mgeni. Makampuni mengi ya VPN huihesabu ruta kuwa kifaa kimoja, hivyo familia kadhaa za ua mmoja zaweza kuchangia malipo. Lakini si kila ruta inafaa. Ruta ndogo za laini zinazouzwa na makampuni ya simu kwa kawaida hazina nafasi ya kuwekea VPN. Nyingine zina VPN ya kupokea watu kutoka nje tu, hazina ya kutoka. Kwa hiyo usilipie VPN ya mwaka mzima kabla fundi hajakufungulia ukurasa wa ruta na kukuonyesha kwa macho mahali itakapowekwa. Ipo pia programu huria iitwayo OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004, ambayo huweza kuwekwa katika ruta za aina fulani badala ya programu ya kiwandani. Kazi hiyo yataka fundi anayeijua, maana akikosea ruta hufa.

Kufunga na kufungua lakiri ni kazi, na ruta ya bei nafuu ina nguvu ndogo. Ndiyo sababu picha hukwamakwama baada ya VPN kuwekwa kwenye ruta, hata kama intaneti yenyewe ni nzuri. Njia mpya iitwayo WireGuard, iliyoingizwa katika Linux Machi 2020, ni nyepesi kuliko ile ya zamani iitwayo OpenVPN. Kama ruta yako inakubali zote mbili, chagua WireGuard.

Ama kuhusu filamu zenyewe, yafaa tuseme kweli. Netflix ilifungua huduma zake katika nchi zaidi ya 130 Januari 2016, Uganda ikiwamo, lakini orodha ya filamu hutofautiana kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Watu hutumia VPN ili waonekane wako nchi nyingine. Makampuni ya filamu yanalijua hilo, huzitambua seva nyingi za VPN, na huzuia filamu ambazo hayana haki ya kuzionyesha duniani kote. Waweza kulipia VPN ili uione orodha ndefu, ukaishia kuiona fupi kuliko ile ya mwanzo. Na mwenye kibanda cha video anayetoza kiingilio ajue kwamba VPN haimpatii ruhusa ya kuonyesha mpira au filamu mbele ya umma. Hilo ni suala la leseni, wala halihusiani na lakiri.

VPN YA BURE: NANI ANALIPA?

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Seva hununuliwa, umeme hulipiwa, wahandisi hulipwa mishahara. Kama wewe hulipi, yuko anayelipa, naye hafanyi sadaka. Haya yamekwisha kutokea:

Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure. Watu waliipakua wakiambiwa inawalinda. Kumbe Facebook ilitumia taarifa zake kujua watu wanatumia programu gani za washindani wake. Apple iliiondoa dukani Agosti 2018. Julai 2023 mahakama ya Australia iliyatoza makampuni mawili ya Meta, ambalo ndilo jina jipya la Facebook, faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji.

Mwaka 2016 watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, na wenzao walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 18 hazikufunga data kwa fumbo hata kidogo. Asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hatari ndani yake.

Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa 911 S5. Wenye mtandao huo walisambaza VPN za bure, kama vile MaskVPN, DewVPN na ShineVPN. Aliyeziweka katika kompyuta yake aliufungua mlango bila kujua, na wahalifu wakauziwa nafasi ya kupita katika intaneti yake. Anwani zaidi ya milioni 19 za intaneti zilitumiwa hivyo, katika nchi karibu 200.

Visanduku vya televisheni navyo havikusalimika. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya mtandao uitwao BADBOX 2.0. Ulikuwa umeingia katika visanduku vya Android vya bei nafuu visivyo na idhini ya Google. Vingine vilitoka kiwandani na ugonjwa huo, vingine viliupata pale mwenyewe alipoweka programu kutoka maduka yasiyo rasmi. Mwezi uliofuata Google ilifungua kesi na kusema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa.

Sasa tutazame maana yake kwa mtu wa Nakivale au wa Kakoba. Laini iliyomo ndani ya ruta imesajiliwa kwa jina la mtu. Kwa miaka kadhaa wakimbizi walipata taabu kubwa kusajili laini, hadi mwaka 2019 ilipoelekezwa kwamba karatasi zao zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu zikubaliwe. Mwizi wa nchi ya mbali akipita katika kisanduku chako kwenda kuiba benki, benki haitaiona anwani ya mwizi. Itaiona anwani ya intaneti yako, na uchunguzi utaanzia hapo. Mtu aliyekimbia vita Kivu au Burundi, ambaye kitambulisho chake ndicho ngao yake, hana haja ya kuulizwa maswali kwa ajili ya mwizi asiyemjua. Na juu ya hayo, bando linaloliwa ni la kwako.

MAMBO AMBAYO VPN HAIFANYI

Pesa za simu kwa *165# au *185# hazipiti katika intaneti kabisa, hivyo VPN haizigusi. Haiwezi kuzilinda wala kuziharibu. Tapeli akikupigia simu na kukuomba namba ya siri, nawe ukampa, VPN haina dawa.

Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa fumbo tangu Aprili 2016, kutoka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, hata bila VPN. Vikundi vya tawi letu vinavyovuja habari kwa mwajiri havivuji njiani. Huvuja kwa sababu mmoja wa waliomo ndani amezipeleka. VPN haizibi mdomo wa mtu.

Lakini ukitumia waifai ya kiwandani kwa simu yako mwenyewe, VPN huzuia mwenye waifai asijue unatembelea tovuti gani. Hiyo ni faida ya kweli. Ikiwa simu yenyewe ni ya mwajiri, faida hiyo haipo, kwa kuwa yeye yumo tayari ndani ya simu.

Tena sheria si moja kila mahali. Isingiro inapakana na Tanzania, na wako wenzetu wanaovuka kwenda kutafuta kazi Kagera. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN kujiandikisha kabla ya mwisho wa mwezi ule. Kilichozoeleka upande mmoja wa mpaka chaweza kukuletea kesi upande wa pili.

HESABU YA BANDO

Filamu ya picha ya kawaida hula karibu gigabaiti 1 kwa saa, na ya picha safi hufika gigabaiti 3. Lakiri nayo ina uzito wake. Tuseme inaongeza sehemu moja katika kumi. Nyumba inayotazama saa mbili kila siku kwa picha ya kawaida hutumia gigabaiti 60 kwa mwezi. Ukiweka VPN zinakuwa 66. Gigabaiti sita zimekwenda, juu ya ada ya VPN yenyewe. Kama huna sababu ya kuiwasha, unalipa mara mbili kwa picha ile ile.

TUFANYE NINI?

1. Jiulize kwanza unamficha nani, na kwa sababu gani. Ukikosa jibu, huihitaji VPN kwenye televisheni.

2. Ukiihitaji, lipia, na mchangie pamoja. Chagueni kampuni inayojulikana ni ya nani na iko nchi gani, na ambayo wakaguzi wa nje wamechunguza kazi yake. Lipeni kwa mwezi mmoja kwanza, mwone kama picha inakwenda.

3. Iwekeni mahali panapohitajika tu. Kama ni televisheni, iwe kwenye kisanduku. Msiipitishe nyumba nzima katika ghala la mtu bila sababu.

4. Badilisheni neno la siri la ruta siku ile ile fundi anapomaliza kazi, mbele yake. Fundi aliyebaki na ufunguo ni mwenye ghala wa pili.

5. Msinunue kisanduku kinachosifiwa kwamba kina chaneli zote za kulipia bure, na msiweke programu za kutoka nje ya duka lake rasmi.

6. Fanyeni jaribio la usiku. Kabla ya kulala tazama salio la bando, zima simu zote, acha kisanduku peke yake kikiwa na umeme na intaneti, bila mtu kutazama. Asubuhi tazama tena. Kikipungua kidogo, huenda programu zinajifanyia marekebisho. Kikipungua sana, na ikawa hivyo kila usiku, jua kuna mtu anafanya kazi nyumbani mwako usiku bila kukulipa. Kichomoe.

Ndugu wafanyakazi, hakuna kati yetu anayekubali kutia kidole gumba kwenye mkataba wa kazi kabla haujasomwa. Basi tusibonyeze neno "Kubali" katika ruta zetu kwa haraka kuliko tunavyotia kidole kwenye karatasi. Tunaomba makala hii isomwe kwa sauti katika mikutano ya matawi, na wanaojua Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Runyankore wawafasirie wenzao. Aliyefanya jaribio la usiku alete matokeo yake tawini, wengine wajifunze.